Maswali ya Wasomaji: Daftari, Risiti na Kodi ya Mtu Aliyejiajiri

Methali ya mali bila daftari tumeisikia sote. Barua za mwezi huu, hata hivyo, zinaonyesha kwamba wengi daftari wanalo. Kinachowasumbua ni nini kiandikwe ndani yake, kwa namna gani, na kipi hakistahili kuitwa gharama. Walioandika wanafanya kazi peke yao au na msaidizi mmoja, na hawana mhasibu wa kudumu.

Viwango vya kodi, tarehe za mwisho na majina ya fomu hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo hayo yathibitishe kwa mamlaka ya kodi ya kwenu. Hapa tunajibu yale ambayo hesabu yake ni ileile popote. Tarakimu zote ni za mfano.

Swali: Nashona nguo kwa oda. Malipo mengine huja taslimu, mengine kwa simu, na madeni yote yako kichwani. Mwaka wa kodi umefika katikati na sina hata ukurasa mmoja ulioandikwa. Nianzie wapi?

Anza na leo. Ukianza kwa kufukua miezi iliyopita utachoka kabla hujafika, na huku ya leo nayo yanazidi kurundikana.

Chukua karatasi moja, andika hali ilivyo asubuhi hii: taslimu iliyopo baada ya kuihesabu kwa mkono, salio la benki, salio la simu, kila mteja unayemdai na kiasi chake, kila muuzaji anayekudai, vitambaa na vifaa vilivyopo kwa bei uliyonunulia, na mashine ulizonazo. Weka tarehe, tia sahihi. Huo ndio mwanzo wa hesabu zako.

Daftari lenyewe lina safu nane: tarehe, namba ya hati, jina la aliyelipa au aliyelipwa, maelezo, njia ya malipo, kilichoingia, kilichotoka, salio. Safu ya namba ya hati ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote. Kila risiti inapoingia, iandikie namba kwa kalamu kwenye kona, 1, 2, 3 na kuendelea, kisha namba hiyohiyo iingie daftarini. Mkaguzi akigusa mstari wowote, unatoa karatasi yake papo hapo bila kupekua boksi zima.

Maelezo nayo yawe na maana. "Vifaa 38,000" hayasemi kitu. "Kitambaa mita 18 na zipu 12, oda ya sare, ankara 27" yanasema umenunua nini, kwa kazi ipi, na mapato ya kazi hiyo yatafutwe wapi.

Jioni, kabla ya kufunga, hesabu taslimu. Daftari likisema 64,500 na mkononi ziko 61,500, tafuta hizo 3,000 jioni hiyohiyo ukiwa bado unakumbuka nani aliingia na nani alitoka. Usipozipata, andika wazi "upungufu wa taslimu 3,000". Usibuni gharama ya kuziba pengo.

Ukishazoea kwa wiki mbili hivi, ndipo urudi nyuma mwezi mmoja mmoja, ukianza na ule wa karibuni. Vyanzo unavyo vingi kuliko unavyodhani: taarifa za benki na za simu, ujumbe ulioandikiana na wateja, na daftari la vipimo, ambalo kwa kawaida lina jina la mteja na tarehe ya oda. Risiti iliyopotea, omba nakala kwa muuzaji. Ikishindikana, andika hati ya malipo yako mwenyewe yenye tarehe, kiasi, jina la aliyelipwa na sababu, na iite hivyo: hati yako mwenyewe. Mamlaka inaweza kuikubali au kuikataa. Kununua kitabu cha risiti kitupu ukajijazia majina ya maduka ni kughushi, na ikigundulika moja tu, hata zile halali zitatiliwa shaka.

Swali: Mimi ni msanifu wa michoro. Mwaka jana ziliingia 14,000,000 kwenye akaunti yangu. Rafiki mmoja ananiambia nitatozwa kodi kwa zote. Mwingine anasema nitoe kila nilichotumia, chakula na pango la nyumba vikiwemo. Nani yuko sahihi?

Wote wawili wamekosea, na makosa yao yanakwenda pande tofauti. Wa kwanza atakulipisha kodi isiyo yako. Wa pili atakutia matatani.

Tuzichambue hizo 14,000,000. Tuseme mkopo ulikuwa 2,000,000. Mkopo si mapato, kwa sababu utaurudisha. Akiba uliyohamisha kutoka akaunti yako nyingine, 500,000, nayo si mapato. Muuzaji alikurudishia 300,000 za programu uliyoighairi: hizo zinapunguza gharama zako, haziongezi mauzo. Kinachobaki, 11,200,000, ndicho wateja walichokulipa kwa kazi. Hayo ndiyo mapato.

Sasa upande wa matumizi. Leseni za programu, intaneti, uchapaji na malipo ya msaidizi vilifika 2,940,000; ukitoa zile 300,000 zilizorudi, zinabaki 2,640,000. Ulilipa riba ya mkopo 160,000: hiyo ni gharama. Ulirejesha sehemu ya mkopo wenyewe, 800,000: hiyo si gharama, ni kurudisha pesa ya mtu. Ulijichukulia 4,000,000 za chakula, pango na ada za watoto: hizo si gharama za biashara hata kidogo. Ni faida yako unayoila, na kodi hukokotolewa kabla hujaila.

Inabaki kompyuta ya 1,500,000. Kwa kuwa itatumika miaka kadhaa, kwa kawaida gharama yake haiingii yote katika mwaka mmoja, bali inagawanywa kama uchakavu. Ikigawanywa sawa kwa miaka 3, kila mwaka unatoa 500,000. Ikiwa sheria ya kwenu inatumia asilimia ya thamani iliyobaki, tuseme 25, mwaka wa kwanza ni 375,000, wa pili ni asilimia 25 ya 1,125,000, yaani 281,250, na kuendelea kushuka. Njia ipi itumike ni sheria inayoamua, si wewe, na ziko nchi zinazoruhusu biashara ndogo kutoa gharama nzima mwaka wa ununuzi. Uliza kabla ya kujaza.

Kwa mgawanyo wa miaka 3, gharama zako ni 2,640,000 na 160,000 na 500,000, jumla 3,300,000. Faida ni 7,900,000. Rafiki wa kwanza angekutoza kwa 14,000,000; wa pili angetoa humo kila kilichotoka, 9,400,000, na kutangaza 4,600,000.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla ya yote haya. Baadhi ya nchi zina utaratibu rahisi kwa biashara ndogo ambapo kodi hutozwa kwenye mauzo ghafi kwa asilimia ndogo, na gharama hazitolewi. Ukiwa humo, msingi wako ni zile 11,200,000, bado si 14,000,000. Endelea kuandika gharama hata hivyo. Mwaka ambao gharama ni kubwa na faida ni nyembamba, ni daftari la gharama litakaloonyesha kwamba utaratibu wa faida ungekufaa zaidi.

Na fungua akaunti ya pili. Uchambuzi huu wote umekuwa mrefu kwa sababu moja tu, kwamba mkopo, akiba na malipo ya wateja vilipita mlango mmoja. Akaunti moja ipokee malipo ya kazi na kulipa gharama za kazi. Nyingine iwe ya nyumbani. Unapotaka pesa ya matumizi, hamisha kiasi kimoja kwa siku maalum na uandike "kujichukulia", badala ya kununua mahitaji ya nyumbani moja moja kutoka akaunti ya biashara.

Swali: Ni fundi umeme. Gari nalitumia kwa kazi na kwa familia. Nimekuwa nikitoa asilimia 80 ya mafuta. Kuna tatizo?

Tatizo ni swali moja: 80 imetoka wapi? Asilimia ya kukisia, hasa ikiwa namba nzuri ya mviringo, ndiyo ya kwanza kuulizwa.

Weka kijidaftari ndani ya gari. Siku ya kwanza ya mwaka wa kodi andika kilomita zilizo kwenye dashibodi, na siku ya mwisho tena. Katikati, andika kila safari ya kazi: tarehe, kutoka wapi hadi wapi, mteja au sababu, kilomita. Safari za nyumbani huna haja ya kuziandika. Zitapatikana kwa kutoa. Ukianza na 42,310 na kumaliza na 58,310, gari limetembea 16,000. Safari za kazi zikijumlisha 9,600, sehemu ya biashara ni asilimia 60. Asilimia hiyo ndiyo unayoipiga kwenye mafuta, matengenezo, bima na uchakavu wa gari.

Fahamu pia kwamba mkaguzi ana njia ya kupima daftari lako bila kukuuliza chochote. Gari linalokula lita 8 kwa kilomita 100 linahitaji lita 1,280 kwa kilomita 16,000. Risiti zako zikionyesha lita 2,000, gari lilipaswa kutembea 25,000. Ama kuna risiti za gari jingine humo, ama kilomita si za kweli.

Nchi nyingine zinaruhusu kiwango maalum kwa kila kilomita ya kazi. Ukichagua hicho, kwa kawaida mafuta na matengenezo yamo ndani yake tayari; kuyadai tena ni kudai mara mbili. Na safari ya kutoka nyumbani kwenda sehemu yako ya kudumu ya kazi, kwa sheria za nchi nyingi, ni safari binafsi.

Simu ni hivyohivyo: chukua orodha ya mwezi mmoja wa kawaida, tenganisha za kazi, pata asilimia, tunza orodha hiyo kama ushahidi. Chumba cha kazi nyumbani hupimwa kwa eneo. Chumba cha mita za mraba 12 katika nyumba ya 96 ni asilimia 12.5, na kama nusu ya muda kinatumika kulala wageni, ni 6.25.

Swali: Mpiga picha. Mteja hulipa nusu kabla ya shughuli na nusu nyingine baada ya miezi miwili. Shughuli ikiwa Desemba na hela ya mwisho ikija Februari, mapato ni ya mwaka upi? Na ankara niliyoikosea naweza kuifuta?

Inategemea msingi unaotumia. Katika msingi wa taslimu, mapato yanahesabiwa siku pesa inapofika: nusu ya kwanza mwaka huu, ya pili mwaka ujao. Katika njia ya pili, mapato ni ya siku unapostahili kulipwa, yaani kazi ilipokamilika, hata kama mteja hajatoa senti. Biashara ndogo nyingi huruhusiwa kutumia taslimu, lakini hutakiwi kurukaruka, mteja huyu kwa njia hii na yule kwa nyingine. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni la mtu kuhesabu mapato kwa taslimu, halafu gharama anaziingiza siku anapopewa bili ambayo hajailipa. Faida inapungua kwenye karatasi, na mkaguzi analiona jambo hilo haraka sana.

Unapotumia njia ya pili, amana aliyokulipa mteja kabla ya shughuli bado si mapato. Ni deni lako kwake mpaka umpigie picha. Iandike hivyo.

Kuhusu ankara, usifute. Namba za ankara zinafuatana, na pengo kati ya 41 na 43 linaleta swali: 42 ililipwa taslimu ikafichwa? Ankara ambayo haijamfikia mteja, iandike "imebatilishwa" na uitunze. Iliyokwisha kumfikia, toa hati ya marekebisho inayotaja namba ya ankara ya awali, kiasi kinachopungua na sababu, kisha toa ankara mpya yenye namba inayofuata.

Karatasi tatu zisichanganywe: makadirio ya bei hayamdai mtu kitu, ankara inadai, risiti inathibitisha umelipwa. Kutoa risiti kabla ya kulipwa, eti mteja anaihitaji ili hela itoke ofisini kwao, ni kujifunga kwa maandishi yako mwenyewe.

Swali: Kila mwaka kodi inanikuta sina kitu. Nitenge kiasi gani? Halafu kuna mteja mmoja, kampuni, hunikata kabla ya kunilipa.

Tafuta uwiano wako mwenyewe badala ya kuazima wa jirani. Chukua kodi yote ya mwaka jana pamoja na michango ya lazima ya hifadhi ya jamii, gawa kwa mapato ya mwaka huohuo. Kodi ya 1,440,000 kwa mapato ya 9,600,000 ni asilimia 15. Ongeza pointi mbili au tatu, kwa sababu viwango vingi hupanda kadiri faida inavyopanda. Ikiwa ni mwaka wako wa kwanza, kadiria: kama asilimia 70 ya kinachoingia hubaki kuwa faida, na kiwango unachotarajia ni 20, tenga 14 kisha uongeze kidogo.

Kutenga kufanyike siku pesa inapoingia, kwenda akaunti isiyo na kadi. Mwisho wa mwezi huwa hakuna cha kutenga.

Mwaka wa pili una mtego wake. Katika nchi nyingi hulipi kitu mwaka wa kwanza mpaka unapowasilisha hesabu. Kisha mamlaka inakutaka uanze kulipa kwa awamu kodi ya mwaka unaoendelea. Kama kodi ya mwaka wa kwanza ni 1,200,000 na awamu ya nusu mwaka ni 600,000, unatakiwa kutoa 1,800,000 ndani ya muda mfupi. Biashara changa hukwama hapo, tena zile zilizofanya vizuri. Kazi ikipungua unaweza kuomba awamu zishushwe, lakini ukikadiria chini mno, riba itafuata.

Huyo mteja anayekukata anazuia kodi kwa niaba ya serikali. Ankara ni 1,000,000, amekata asilimia 5, umepokea 950,000. Andika mapato 1,000,000, na zile 50,000 ziandike kama kodi iliyokwisha kulipwa. Wengi huandika 950,000, kisha mwisho wa mwaka wanadai tena zile 50,000. Hesabu haiwezi kukubali, maana kampuni imeripoti milioni nzima. Dai cheti cha kodi ya zuio kwa kila malipo, na ukidai mapema. Ukisubiri hadi wiki ya mwisho ya kuwasilisha, mhasibu wao atakuwa na foleni ya watu kama wewe. Bila cheti, kudai hizo 50,000 huwa vigumu sana.

Wanaolipwa kupitia majukwaa ya intaneti wafuate mantiki hiyohiyo. Jukwaa likikata ada ya 100 kwenye kazi ya 500, mapato ni 500 na ada ya 100 ni gharama. Malipo yakiwa ya sarafu ya kigeni, yabadili kwa kiwango cha siku ya muamala au kile ambacho mamlaka inakitambua, na uandike kiwango hicho pembeni ya muamala.

Swali: Nimesajiliwa kwenye Kodi ya Ongezeko la Thamani. Bei zangu tayari zina kodi ndani. Napiga asilimia ya bei, sivyo?

Sivyo. Kama kiwango ni 20 na mteja amelipa 120,000 kodi ikiwemo, kodi ni 120,000 mara 20 gawa kwa 120, yaani 20,000. Ukipiga asilimia 20 ya 120,000 unapata 24,000, na unaipa mamlaka 4,000 za faida yako kwa kila ankara.

Hizo 20,000 hazijawahi kuwa zako. Mauzo yako ni 100,000. Andika kodi kwenye safu yake, na asilimia za kutenga tulizozungumzia juu zihesabiwe kwenye 100,000. Kodi uliyolipa ulipokuwa ukinunua unaweza kuitoa, mradi una ankara halali ya kodi yenye namba ya usajili ya muuzaji. Risiti ya kawaida isiyo na namba hiyo mara nyingi haitoshi.

Swali: Daftari langu linasema 417,000, benki inasema 385,500. Nimejumlisha mara nyingi, jumla ni ileile.

Basi acha kujumlisha. Kosa haliko huko. Weka taarifa ya benki na daftari ubavu kwa ubavu, tia alama ya vema kwenye kila muamala unaoonekana pande zote mbili kwa kiasi kilekile. Visivyo na alama ndivyo vya kushughulikia.

Kwa kawaida kwanza utakuta makato ya benki ambayo hukuyaandika. Tuseme ni 4,500. Yaingize daftarini, linashuka hadi 412,500. Tofauti iliyobaki ni 27,000.

Hapo gawa kwa 9. Inagawanyika kamili, 3,000. Hii ni dalili, ingawa si uthibitisho, kwamba tarakimu mbili zimepishana. Tafuta muamala wa 36,000 ulioandikwa 63,000, au 25,000 iliyoandikwa 52,000. Sifuri iliyozidi nayo huacha dalili hiyo: 50,000 badala ya 5,000 ni tofauti ya 45,000. Katika mfano wetu, malipo ya mteja ya 36,000 yaliandikwa 63,000. Ukirekebisha, daftari linasoma 385,500.

Ikishindikana, gawa tofauti kwa 2. Malipo ya 20,000 yaliyotoka yakiandikwa upande wa kuingia huzaa tofauti ya 40,000, kwa hiyo tafuta kiasi ambacho ni nusu ya kinachokusumbua. Baada ya hapo angalia hundi ulizotoa ambazo hazijawasilishwa, na risiti iliyoandikwa mara mbili, mara moja ulipolipa na mara ya pili taarifa ya benki ilipokuja.

Kurekebisha, piga mstari mmoja juu ya tarakimu iliyokosewa, isomeke bado, andika sahihi juu yake na uweke tarehe. Wino wa kufutia hauna nafasi katika daftari la fedha. Na linganisha kila mwezi. Tofauti ya mwezi ni karatasi mbili tatu. Ya mwaka mzima inaweza kukumalizia wiki.

Swali: Risiti zangu zimefifia kabisa. Na je, nizitunze miaka mingapi?

Hizo ni za karatasi ya joto, ambayo haina wino. Maandishi hutokana na kemikali inayobadilika rangi kwa joto. Jua, dashibodi ya gari, mafuta ya mikono na baadhi ya mifuko ya plastiki huzifuta ndani ya miezi. Piga picha siku unayoipokea, karatasi ikiwa imenyooshwa, kona zote nne zionekane. Ipe faili jina linaloanza na mwaka: 2025-03-14_nyaya_45000. Kompyuta itazipanga kwa tarehe yenyewe. Tunza nakala tatu, mojawapo ikiwa nje ya nyumba au kwenye hifadhi ya mtandaoni, na mara moja moja fungua faili uone kama inafunguka.

Muda wa kutunza mara nyingi ni miaka 5 au zaidi, na ziko nchi zinazofika 10. Hati za mali ya kudumu kama gari au mashine zina hesabu yake: muda wake huanza unapouza mali hiyo, si ulipoinunua.

Swali: Mwaka huu sikufanya kazi kabisa. Bado natakiwa kuwasilisha hesabu?

Ukiwa bado umesajiliwa, kwa kawaida ndiyo, hata kama ni sifuri. Adhabu ya kuchelewa kuwasilisha na adhabu ya kuchelewa kulipa ni mbili tofauti, kwa hiyo hata asiye na pesa awasilishe kwa wakati kisha aombe kulipa kidogo kidogo. Ikiwa mwaka ulikuwa wa hasara, ndiyo sababu zaidi ya kuwasilisha, maana sheria nyingi huruhusu hasara iliyotangazwa kupunguza faida ya miaka ijayo. Isiyotangazwa haimpunguzii mtu kitu. Na kama umeacha kazi moja kwa moja, futa usajili.

Swali: Nimepata barua ya mamlaka ya kodi inayotaka maelezo ya gharama za mwaka juzi. Naogopa. Nifanye nini?

Soma mambo matatu kwanza: mwaka unaotajwa, wanachotaka hasa, na siku ya mwisho ya kujibu. Thibitisha barua ni yao kweli kwa kupiga namba iliyo kwenye tovuti rasmi, si ile iliyo ndani ya barua, kwa kuwa matapeli nao huandika barua nzuri.

Kisha jibu kilichoulizwa tu. Wakitaka gharama za usafiri, usiwapelekee boksi zima la risiti ukidhani wingi utaonyesha uaminifu. Andaa orodha ya ukurasa mmoja: namba ya hati, tarehe, kiasi, sababu ya kibiashara, na nyuma yake nakala zikifuatana kwa namba zilezile. Peleka nakala, asili zibaki kwako, na upate muhuri au uthibitisho wa kupokelewa. Usipoweza kumaliza kwa wakati, omba muda kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho kupita. Na ukikuta gharama uliyodai kimakosa, itaje mwenyewe katika jibu hilohilo pamoja na hesabu iliyosahihishwa. Katika nchi nyingi adhabu ya kosa lililotangazwa na mlipakodi ni ndogo kuliko ya lililogunduliwa na mkaguzi. Kiasi kikiwa kikubwa, ndio wakati wa kumlipa mhasibu, na ada yake kwa kazi hiyo omba risiti, uipe namba, uiingize daftarini.